Mashine ya mama yenye mapipa mawili: ilikuwa ipi, na je, iwashwe?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nilizaliwa Portsmouth, Uingereza, mwaka 1969, tukarudi Mombasa nikiwa na miaka tisa. Mama alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Katika jikoni letu la kule ninachokikumbuka zaidi ni mashine ya kufulia: nyeupe, vifuniko viwili juu, magurudumu chini, na ndani ya pipa moja mlikuwa na kitu kama sahani ubavuni. Kaka yangu aliyebaki huko ameona moja kama ile inauzwa, anataka kunitumia. Ilikuwa mashine gani? Ni kweli zile za zamani zilikuwa imara kuliko za leo? Ikifika naweza kuiwasha? Na la mwisho, tuamue: mama alikuwa na kabati la bati lenye joto chini, nguo zikitundikwa ndani. Mimi nasema ile ndiyo mashine ya kukaushia, kaka anakataa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu mama.

Nianze na hiyo sahani, maana kwa sahani hiyo sihitaji hata picha. Mashine za Kiingereza za mapipa mawili zilikuwa nyingi, lakini kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuyatikisa maji. Hotpoint walisimamisha mnara wenye mapezi katikati ya pipa, ukigeuka huku na huku kama mtu anayekataa kwa kichwa. Hoover waliweka sahani yenye mbavu ubavuni, ikizunguka mbio mpaka maji yenyewe yanazikamata nguo na kuzipindua. Kwa hiyo ya mama ilikuwa Hoovermatic, sina shaka kubwa. Mimi nilifika Portsmouth mwaka 1974, kijana wa Lamu, nikaingia karakana ya vifaa vya umeme vya majumbani, na katika miaka yangu ya mwanzo nadhani nimeinamia Hoovermatic nyingi kuliko mashine nyingine yoyote.

Hazikutengenezwa kwenye lile jengo jeupe la Hoover ambalo kaka yako bila shaka amelipita barabarani, pale Perivale, magharibi mwa London. Lile lilifunguliwa mwaka 1933 kwa ajili ya mashine za kufyonza vumbi. Siku hizi nyuma yake kuna duka la Tesco na mbele watu wamehamia wanakaa. Mashine za kufulia zilitoka Wales, kijiji cha Pentrebach karibu na Merthyr Tydfil, bonde la makaa ya mawe na chuma, ambako Hoover walifungua kiwanda mwaka 1948. Ya kwanza kutoka pale ilikuwa kijipipa kimoja tu, na juu yake rola mbili za mpira unazozungusha kwa mkono ili kukamua nguo; ukimaliza, rola zinakunjwa na kulazwa ndani ya pipa. Ya mapipa mawili ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, na kilichoiuza ni kwamba iliondoa rola. Wazee niliowakuta kazini walikuwa bado wanazisimulia zile rola kwa chuki: zilivunja vifungo, na mtoto asiyesikia zilimbana vidole.

Sasa nikukumbushe ilivyofanya kazi, kwa sababu jibu la swali lako la uimara limo humo humo.

Mama aliivuta kutoka chini ya meza ya jikoni hadi kwenye sinki. Hiyo ndiyo kazi ya magurudumu. Akachomeka mpira kwenye bomba, akajaza pipa kubwa, akawasha hita, akaenda kufanya mengine, maana kupasha maji yale kutoka baridi kulichukua muda wa kupika wali na mchuzi wake. Maji yakishapata moto, ziliingia nguo nyeupe kwanza: shuka, mataulo, kanzu. Dakika nne tano tu, kwa sababu ile sahani ilikuwa kali. Kisha akazitoa kwa koleo la mbao, zikiwa zinafuka mvuke, akazihamishia pipa dogo, akazifunika kwa kisahani cha mpira ili zisiruke, akashusha kifuniko.

Hapo ndipo palipokuwa na akili. Pipa dogo likizunguka, maji ya sabuni yanayokamuliwa hayamwagwi. Pampu inayarudisha pipa kubwa, bado ya moto, bado yana sabuni. Humo zinaingia mashati na magauni. Baada ya hapo soksi. Mwisho kabisa ovaroli za baba, na kufikia hapo maji yamekuwa rangi ya Mto Tana wakati wa mafuriko, lakini nguo zinatakata, maana uchafu wa ovaroli hauoni haya kuogea maji ya watu wengine. Kusuuza kulifanyika humo humo pipa dogo: mpira wa maji baridi unaelekezwa juu ya nguo zikiwa zinazunguka, mpaka maji yanayotoka sinkini yawe meupe.

Pipa moja la maji, nguo za wiki nzima. Sisi tuliolelewa kwa maji ya kisima na ya mkokoteni hatukuhitaji kufundishwa sababu yake. Mwenye mashine ya kisasa ya mlango wa mbele anamwaga maji kila mzigo, mara mbili tatu.

Na lile pipa dogo lilikamua kweli kweli. Lilizunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, wakati mashine nyingi za otomatiki za enzi hizo hata 1,000 hazikufika. Shuka ilitoka karibu ya kuvaa. Ila ukizipanga nguo upande mmoja, mashine ilipandwa na pepo: inaruka, inatembea, inaukimbilia mlango na waya wake nyuma. Nimewahi kuitwa nyumba moja nikakuta mama wa watu ameikalia, mikono imeshika ukingo wa sinki, ananiambia kwa utulivu kabisa, “Imebaki dakika moja.” Nikasubiri dakika moja.

Mashine ya otomatiki haikuwa ngeni, ilikuwepo tangu zamani. Bendix zilifika Uingereza mapema. Ndizo zilizofungua dobi la kwanza la kujihudumia kwa sarafu nchini humo, Queensway, London, mwezi Mei 1949. Lakini Bendix zile zilitakiwa kufungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege zisikimbie, na nani mwenye nyumba ya kupanga angekubali kutobolewa sakafu? Hoover nao walileta Keymatic mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo mpaka leo naiona ni kichekesho kitamu. Badala ya kitufe cha kuzungusha, ilikuwa na bamba la plastiki la mraba lenye meno kingoni. Kingo nne, pande mbili, ufuaji wa aina nane: unalichomeka upande unaoutaka, mashine inasoma meno. Watoto walilipoteza lile bamba, na bila hilo mashine ilikuwa sanduku. Vijana wakiniambia leo kuhusu mashine inayoendeshwa kwa simu, huwa nauliza tu simu ikipotea inakuwaje.

Nyingine zilizokuwa mitaani ni Servis, zilizotoka Darlaston upande wa Birmingham, nzito, za watu waliozoea kuunda mashine za kukandamiza chuma, na uzito wao ulionyesha hivyo. Na kulikuwa na Rolls. Kijana mmoja, John Bloom, aliuza mashine za mapipa mawili moja kwa moja kwa wateja, bila duka, kwa bei iliyowashangaza wenye maduka. Anaweka tangazo gazetini, unajaza kikaratasi, mchuuzi anakuja mlangoni. Kampuni zote zilishusha bei kwa ajili yake. Julai 1964 kampuni yake, Rolls Razor, ikafilisika, na miaka kumi baadaye mimi nikawa bado nakutana na mashine zake, na wenye nyumba wanaoniuliza vipuri vyake vinauzwa wapi. Havikuuzwa popote. Tulichonga.

Niingie kwenye kabati, ili ugomvi wenu ufe.

Lile la bati lenye joto chini na vijiti vya kutundikia nguo juu ndilo waliloliita Flatley, kwa jina la aliyeliunda, hata kama lililokuwa kwenu lilitoka kampuni nyingine. Ndani yake hakuna kinachozunguka. Ni sanduku, hita ya umeme chini, vijiti vya mbao, na kifuniko. Joto linapanda, unyevu unatokea juu na kuingia jikoni kwenu, ukutani, kwenye mapazia. Majira ya baridi ya Portsmouth, nguo zilizoanikwa nje zinakaa siku mbili na kurudi ndani zikiwa ngumu kama samaki wa ng'onda, kwa hiyo sanduku lile lilikuwa rehema. Sasa kama swali ni “je, ilikausha?”, wewe umeshinda. Kama ni “je, ilikuwa mashine ya kukaushia kama watu wanavyoielewa?”, kaka ameshinda, kwa sababu hiyo lazima iwe na ngoma inayozungusha nguo ndani ya hewa ya moto. Nyinyi ni ndugu, gawaneni.

Za ngoma zilikuwepo tayari, lakini katika miaka yenu ya Portsmouth nyumba ya kawaida haikuwa nayo. Ilikuwa ya mwenye nafasi, au ya mwenye watoto pacha. Kituo chake kikubwa kilikuwa Yate, karibu na Bristol, kiwanda ambacho kabla na wakati wa vita kilikuwa cha ndege, cha Parnall, kikapigwa mabomu vibaya mwaka 1941. Vita vilipokwisha wakageukia vifaa vya nyumbani, na kwa miongo mingi mashine za kukaushia za Creda na baadaye Hotpoint zilitoka pale. Nimezifungua nyingi. Ndani ni kitu chepesi ajabu: mota moja, mkanda mrefu mwembamba unaoizunguka ngoma nzima, feni, hita, na vidhibiti joto viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha kukata umeme mambo yakiharibika. Na pamba. Pamba kila pembe, ile vumbi laini ya nyuzi zinazotoka kwenye nguo. Mashine ya kukaushia haifi kwa mota, inauawa na pamba.

Hapa niseme jambo moja la tahadhari, kaka asije akaongeza zawadi. Mwaka 2015 Whirlpool walitangaza kasoro kwenye mashine za kukaushia zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Oktoba mwaka huo, nyingi zikiwa na majina ya Hotpoint, Indesit na Creda: pamba iliweza kuifikia hita na kuwaka. Zilikuwa mamilioni. Akiona moja ya miaka hiyo inauzwa kwa bei ya kutupa, aiache hapo hapo.

Basi, uimara. Watu wengi huniuliza hili wakiwa tayari wana jibu wanalolitaka, na mimi huwapa nusu yake tu.

Nusu ya kwanza ni kweli. Hoovermatic haikuwa na kitu cha kuharibika kirahisi. Haikuwa na kufuli ya mlango, haikuwa na kompyuta, haikuwa na vali za kuchagua maji ya moto au baridi. Mama ndiye aliyekuwa vali, mama ndiye aliyekuwa taima, mama ndiye aliyeamua maji yamechafuka vya kutosha. Ukimwondolea mashine kazi hizo zote, unabaki na mota, mikanda, pampu, hita na swichi chache, na kila kimoja unakifikia kwa bisibisi na spana. Kilichokuwa kikinipatia riziki kwenye mapipa mawili kilikuwa pampu. Nilikuwa na kopo la biskuti nililolijaza vitu nilivyotoa kwenye pampu za watu: vifungo, vibanio vya nywele, senti nyekundu kubwa za kabla ya mwaka 1971, Waingereza walipobadili hesabu ya pesa zao, na jino la dhahabu ambalo mwenyewe alilikana.

Mashine ya leo, ngoma imefungwa ndani ya pipa la plastiki ambalo mara nyingi limeyeyushwa na kuunganishwa kiwandani. Beringi ya shilingi kidogo ikifa, huwezi kuifikia bila kukata pipa, na pipa zima linakaribia bei ya mashine. Hilo nalilalamikia mpaka kesho.

Nusu ya pili ni kwamba nyinyi mnazikumbuka zilizobaki. Mimi nilizibeba zilizokufa. Nimeshusha ngazi mashine za miaka sita, matumbo yameoza kwa kutu, pipa la kukamulia linanguruma kama tingatinga, na wenyewe walikuwa bado wanalipa mikopo yake. Tena zilikuwa ghali kwa mshahara wa wakati ule, ndiyo maana mtu alikuwa radhi kuniita mara tano. Kitu kinachogharimu mishahara ya wiki kadhaa unakitengeneza. Kitu unachonunua sikukuu ya punguzo la bei unakitupa. Mashine za Kiitaliano zilipoanza kuingia Uingereza kwa bei nafuu, viwanda vya nyumbani navyo vikaanza kubana chuma, kila mwaka bati jembamba kidogo kuliko la mwaka uliotangulia. Niliihisi tofauti kwa mkono, bila mizani.

Pentrebach iliacha kutengeneza mashine za kufulia Machi 2009. Kwa wapenda visa: kiwanda hicho hicho ndicho kilichounganisha Sinclair C5, kile kibaiskeli cha umeme cha mwaka 1985, na kila fundi wa Uingereza aliapa kimefungwa mota ya mashine ya kufulia. Si kweli. Lakini ni uongo uliokaa vizuri.

Kuiwasha, sasa. Umeme wenyewe si tatizo: Kenya tunatumia volti 240 na hezi 50 kama mashine ilivyozoea, na plagi ile nene ya pini tatu za mstatili ndiyo yetu pia. Ingekuwa ya Marekani ningekwambia uifanye meza. Hata hivyo usiichomeke siku itakayofika, hata kama aliyeiuza ameapa inafanya kazi. Mwite fundi wa umeme unayemwamini, mpe haya.

Waya kwanza. Kabla ya mwaka 1970 waya za vifaa vya Kiingereza zilikuwa nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa arthi. Baadaye zikawa kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa manjano. Mashine iliyopita mikononi mwa watu kumi inaweza kuwa na mchanganyiko wa zote mbili, na fundi kijana anaweza kuusoma vibaya. Abadilishe waya wote wa nje, usitengenezwe kwa gundi, kisha apime arthi kutoka pini hadi kwenye bati la mwili. Mashine hii ni bati, ina maji, na wewe utakuwa umesimama peku kwenye sakafu ya saruji. Ichomekwe kwenye soketi yenye swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja.

Ikiwa ina kapasita ya zamani, yaani kile kikopo kinachohifadhi umeme wa kuisaidia mota, itolewe na kuwekwa mpya. Za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 baadhi zilijazwa mafuta ya sumu ambayo baadaye yalipigwa marufuku, kwa hiyo ikiwa imevimba au inatoa kimiminika, isiguswe kwa mkono mtupu wala kutupwa jalalani. Na isiaminiwe hata mashine ikiwa imezimwa: mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini niligusa moja iliyokuwa imekaa siku nzima bila umeme, nikajikuta nimekaa kwenye beseni la nguo za mteja.

Mipira yote ibadilishwe, maana ya miaka 50 ni migumu kama pembe. Halafu breki ya pipa dogo: ukiinua kifuniko, pipa lazima lisimame ndani ya sekunde chache. Lisiposimama, kukamua kusifanyike kabisa mpaka litengenezwe. Mkono wa mtu ukinaswa na shuka linalozunguka kwa kasi ile, huo mkono haurudi.

Nguo zikikupa tabu kweli, zipo mashine mpya za plastiki za mapipa mawili madukani Mombasa, na utakapoifungua utacheka: ni mpangilio ule ule wa mama, kufua huku, kukamua kule, ila haina hita. Hiyo ifanye kazi. Ya kumbukumbu ifute vizuri, ipake mafuta mepesi sehemu za chuma, maana chumvi ya hewa yetu haina huruma na enameli iliyopasuka, na ukae nayo barazani.

Mwambie kaka jambo moja kabla hajalipa. Amuulize muuzaji kama koleo lipo. Lilikuwa la mbao, refu kama mkono, limepauka mpaka nusu kwa maji ya moto na nusu ya kushikia imebaki na rangi yake. Mara nyingi watu hulitupa bila kujua ni la nini. Likiwepo, asilitie kwenye sanduku la mizigo, alibebe mkononi.